Elimu kwa ajili ya nani? Funzo la wanafunzi wa Mlimani wakati wa vita vya ukombozi

(Mazungumzo na kamati za sharika, Kibiti)



Katika vikao vyetu, hapa Kibiti na kule delta, kila tunapogawa fedha za elimu swali moja hurudi: kwa nini tumlipie kijana mmoja chuo kikuu wakati shule ya msingi haina madawati ya kutosha? Swali hilo ni halali. Leo tungependa kulitazama kwa kukumbuka miaka ambayo vita viliwauliza wanafunzi wa nchi yetu swali kama hilo.

Kwetu sisi wa Rufiji vita si habari ngeni. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta hii, na Julai 1915, baada ya kushambuliwa na Waingereza, mabaharia wake waliizamisha. Mizinga yake iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Katika vita vile wananchi walichukuliwa kuwa wapagazi bila kuulizwa.

Karibu miaka 50 baadaye vita vilikuwa jirani tena, ng'ambo ya mto Ruvuma. FRELIMO ilianza mapambano ya silaha nchini Msumbiji Septemba 1964, na Tanzania iliwapa wapiganaji makambi, likiwamo la Nachingwea, huko kusini inakoelekea barabara yetu hii.

Chuo kikuu chetu kilikuwa bado kichanga. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kisha mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Wanafunzi walikuwa wachache, na kila mmoja alijua kuwa kazi nzuri inamngoja. Mwaka 1966 serikali iliwataka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2: miezi ya mwanzo kambini, na muda uliobaki kazini wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake na ya viongozi wa juu. Wengi wao waliruhusiwa kurudi chuoni mwaka uliofuata.

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, hali ya Mlimani ilianza kubadilika. Mwaka huo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama chao, USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, aliyekuwa mwanafunzi pale. Walikaribisha wapigania uhuru kuzungumza na waliendesha madarasa ya siasa siku za Jumapili. Mwaka 1968 baadhi yao, akiwamo Museveni, walivuka Ruvuma kujionea maeneo yaliyokombolewa. Vita viliingia katika masomo yao, ingawa hakuna risasi iliyopigwa Mlimani. Ndugu, kumbukeni kwamba hawa walikwenda kwa hiari, miaka 2 tu baada ya wenzao kuandamana kukataa utumishi.

Lakini tusiipambe historia. Mwaka huo huo wa 1968, shule ya FRELIMO iliyokuwa Kurasini ilivurugika hata ikafungwa. Moja ya mambo yaliyogombaniwa ni agizo la wanafunzi kukatisha masomo ili watumikie mapambano. Kijana anayeambiwa leo soma, kesho acha, huona amedanganywa. Baadaye FRELIMO ilifungua sekondari Bagamoyo, katika mkoa wetu wa Pwani, kwa sababu nchi inayotaka kujitawala inahitaji waganga na walimu pia. Na pale Mlimani, Novemba 1970 serikali ilikipiga marufuku chama cha USARF pamoja na gazeti lake, Cheche. Vijana waliofundishwa kuuliza walikuwa wameanza kuwauliza wakubwa.

Tunajifunza nini? Kwanza, elimu ya mmoja ni mali ya wengi, na anayesomeshwa na wengi anadaiwa. Pili, deni hilo halilipwi vizuri kwa amri. Hulipwa pale kijana anapoelezwa mapema, akaona mwenyewe hali ilivyo na akaheshimiwa anapouliza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kabla ya kutoa ada, kamati ikae na kijana na wazazi wake, wakubaliane atatoa huduma gani wakati wa likizo. Huduma hiyo ilingane na anachosomea: wa uhasibu akague daftari za kikundi cha akina mama, wa ualimu afundishe darasa la saba, wa misitu atembee na wazee kwenye mikoko. Na kamati isimkatishe masomo kwa sababu ya kazi zake, wala isimnyime ada kwa kuwa amehoji mahesabu ya usharika.

Kwenu wafadhili, tunaomba msitupime kwa idadi ya vyeti peke yake. Tuulizeni pia ni wangapi walirudi delta wakati wa likizo, na walifanya nini. Tutajibu kwa majina ya vijiji na kazi zilizofanyika. Na madawati yale tusiyasahau. Kijana tunayemsomesha awe wa kwanza kutusaidia kuyatafuta.