Zaka na Haki ya Mpokeaji



Shahada hutamkwa, swala husimamishwa, saumu hufungwa, hija huendewa na mwenye uwezo. Zaka huhesabiwa.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofariki mwaka 632, baadhi ya makabila ya Arabuni yalisema yataendelea kusali, lakini zaka hayatoi. Abubakar, khalifa wa kwanza, aliapa kupigana na yeyote atakayetenganisha swala na zaka. Kwake, zaka ilikuwa haki ya watu iliyomo ndani ya mali ya mtu, wala haikuwa hisani ya mwenye mali.

Ndiyo maana fiqhi imeipa kila mali kipimo chake. Mwenye mbuzi 39 hadaiwi kitu. Wakiwa 40 na mwaka wa Kiislamu ukatimia, anatoa mmoja. Huyo anatosha hadi wafike 120, na wakiwa 121 anatoa wawili. Nafaka ikifika pishi 300, iliyonyeshewa na mvua hutolewa sehemu ya kumi. Ile ambayo mkulima ameigharamia kuimwagilia hutolewa nusu ya hiyo, kwani jasho lake nalo limehesabiwa. Mfanyabiashara hukadiria bidhaa zake kwa bei ya siku mwaka wake unapotimia, akajumlisha na fedha taslimu. Wanazuoni wengi wa leo wanasema jumla ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, atoe asilimia 2.5. Mwenye shilingi milioni 40 basi anadaiwa milioni moja.

Kuhesabu tunajitahidi, kugawa ndiko tunakoteleza. Ramadhani ikiingia, foleni hujipanga mbele ya maduka yetu. Milioni ile huvunjwa noti za elfu tano tano, watu 200 wakaondoka nazo, na futari ya siku mbili ikazimaliza. Mwakani foleni ni ileile.

Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, na Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imam Nawawi aliyefariki mwaka 1277, ni nguzo ya madhehebu hayo. Humo inatajwa kauli kwamba fakiri apewe cha kumtosha mwaka mzima. Nawawi hakuridhika nayo. Iliyo sahihi zaidi, anasema, ni kumpa cha kumtosha umri wa kawaida wa binadamu, anunue mali ya kumwingizia kipato. Katika kitabu chake kingine, Majmu, anafafanua kuwa mwenye ufundi apewe cha kununulia zana zake. Fundi wa kushona asiye na cherehani, haki yake ni cherehani.

Mtaniuliza: na mwenye njaa leo? Huyo ana sadaka, isiyo na kiwango wala msimu. Ana pia zakatul-fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, itolewayo kabla ya swala ya Idi.

Pendekezo langu ni jepesi kulitaja, zito kulitenda. Kila kamati ya msikiti iandike wenye kustahili katika mtaa wake: nani ana ufundi bila zana, nani amefungwa na deni, kwani wenye madeni nao wametajwa katika yale mafungu manane ya wapokeaji wa zaka, Sura At-Tawba, aya ya 60. Watoaji wachache waunganishe zaka zao, wamsimamishe mtu mmoja mpaka asimame kweli, kisha wahamie kwa mwingine. Na kila mwaka kamati ijiulize: ni wangapi waliokuwa wapokeaji, ambao sasa wanatoa?