Kilichotuficha Ni Gari la Mstaarabu



Juzi, jua likizama, nilikuwa Magomeni Kagera, ukingoni mwa Barabara ya Morogoro, nataka kuvuka kwenda kituo cha mabasi ya mwendokasi. Vituo vya njia ile vimejengwa katikati ya barabara, kwa hiyo hakuna abiria anayelifikia basi bila kwanza kuwa mtembea kwa miguu. Gari dogo jeupe likafika kwenye zebra, likasimama. Dereva, mzee mwenye kofia, akanipungia kiganja: pita. Nikamshukuru kwa kichwa, nikapiga hatua mbili. Ya tatu ilibaki hewani. Upande wa pili wa gari lile ilipita bodaboda imebeba mama na ndoo yake, honi inalia mfululizo. Kijana aliyeiendesha hakuniona, wala mimi sikumwona. Kilichotuficha ni gari la mstaarabu.

Tunapozungumzia ugomvi wa barabarani Dar es Salaam, tunaanzia kwenye ustaarabu na tunaishia hapohapo. Mwenye gari anasema watu wanavuka kama kuku. Mtembea kwa miguu anasema mwenye gari akishashika usukani anasahau kwamba naye ana miguu. Abiria wa daladala anamlaani dereva kwa kukimbiza gari, na gari hilohilo likienda taratibu anagonga bati: "Suka, tutalala humu?" Kila mmoja anataka wenzake wafundwe. Basi mzee wa Kagera alikuwa kafundwa vizuri kabisa, na adabu yake nusura initoe roho.

Mimi naomba leo tuweke adabu kando, tuzungumze hesabu.

Daladala nyingi za mji huu si mali ya anayeziendesha. Tajiri ananunua gari, anamkabidhi dereva, na kila usiku anataka hesabu yake, kiasi kilekile, mvua inyeshe, foleni igande, abiria wapungue. Mafuta yanatoka mfukoni kwa dereva. Chakula na malipo ya konda yanatoka humohumo. Mpiga debe kituoni naye ana chake. Kinachobaki ndicho mshahara, na kisipobaki, mtu anarudi nyumbani mikono mitupu baada ya saa kumi na sita za usukani. Tena kama dereva mwenyewe kachoka, akampa deiwaka, dereva wa kumshikia, tripu mbili tatu za mchana, basi usukani mmoja umeshabeba ugali wa nyumba mbili.

Wiki iliyopita nilikaa siti ya mbele kwenye daladala ya Gongo la Mboto kwenda Makumbusho. Nikamuuliza dereva kwa nini zebra tatu tulizopita hakusimama hata moja. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akaniambia, "Kaka, wewe ukisimama, mshahara wako unakatwa?" Kisha akanihesabia kwa vidole, macho yake yakiwa barabarani, nashukuru Mungu. Nikisimama hapa, huyu wa nyuma ananipita. Akinipita, anafika kituoni kabla yangu, anazoa vichwa vyote. Mimi nafika nakuta kituo cheupe. Napiga tripu nzima na siti tupu, na tajiri hataki kusikia habari ya zebra.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira zangu tayari, nikazimeza.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza mambo mengi tunayoyaita utovu wa nidhamu. Inaeleza kwa nini gari linakatisha ruti saa kumi na mbili jioni, likawashusha watu njiani na kugeuza kwenda kulikojaa abiria. Inaeleza yule mwanafunzi aliyesimama kituoni asubuhi, magari manne yanampita na konda anamziba mlangoni kwa mkono. Mtoto analipa shilingi 200, mtu mzima analipa mara tatu yake hata kwa safari fupi, na mwili ni mwili, unajaza nafasi ileile. Konda yule ana wanawe wanaoachwa kituoni na konda mwingine. Analijua hilo.

Mpango huu wa hesabu ya kila usiku una umri. Miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, shirika la usafiri la mji, UDA, lilielemewa. Watu wakawa wanapanda chai maharage, yale magari yenye mabenchi ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wako mezani. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Sarafu imekwisha, jina limebaki, na mtindo wa kumpelekea tajiri chake kila usiku umebaki nao. Aprili 2015 madereva waligoma, Ubungo ikafurika abiria wasio na gari, na mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Sisi tunakumbuka jinsi tulivyotembea siku ile kutoka Ubungo hadi mjini. Kilichodaiwa tulikisahau kabla malengelenge hayajapona.

Ndiyo maana mimi nina sifa moja kwa mwendokasi ambayo sijaisikia ikisemwa sana. Mabasi yale yalipoanza, Mei 2016, tulisifu urefu wake, tiketi zake, barabara yake ya peke yake, kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Kubwa zaidi, kwa macho yangu, lilikuwa hili: dereva wa basi lile anaendesha kwa mshahara. Hana hesabu ya kupeleka kwa mtu usiku, hana wa kukimbizana naye kugombea kichwa kilichosimama chini ya mwembe. Daladala zikaondolewa kwenye Barabara ya Morogoro, na ile michuano ya kuchomekeana vituoni ikapungua kwa kiasi ambacho aliyekuwa hapo kabla hawezi kukikana.

Lakini mabasi hayakutosha. Nenda Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone. Ile gombania goli ya kupanda gari tuliyozoea kuiona Mbagala ilipata tawi jipya. Watu wazima, wamepiga pasi mashati, wanaingilia dirishani. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi unapanda barabarani pale Jangwani, njia inafungwa, na wote tunarudi kuwa waenda kwa miguu bila kuulizwa.

Na ule upana mtupu wa njia ya basi una fitina yake. Umekwama Manzese, injini inachemka, na mita moja kulia kwako kuna barabara safi haina kitu. Bodaboda anaitazama mara moja tu, anazama. Naye ana mkataba wa pikipiki, kila siku au kila wiki ana kiasi cha kulipa mpaka iwe yake. Anayevuka kwenda kituoni kaangalia upande linakotoka basi. Bodaboda inatokea upande mwingine. Mwenye gari dogo naye anatanua kule kushoto, anapita juu ya njia ya miguu, mahali ambapo pengine machinga keshatandika nyanya na chaja za simu. Machinga waliondolewa kandokando ya barabara mwishoni mwa 2021. Wengi wamerudi, maana wateja hawakuhamishwa. Hivyo mtembea kwa miguu anashuka kwenye lami. Halafu tunamshangaa anatafuta nini lami.

Sheria ya kilomita 50 kwa saa kwenye makazi tunayo. Lakini hebu tufanye hesabu nyingine kidogo, hii ya shule. Nguvu ya kishindo haipandi sawa na mwendo. Inapanda kwa mraba wake. Gari la kilomita 50 kwa saa linapomgonga mtu linabeba karibu mara tatu ya kishindo cha gari hilohilo likiwa kwenye 30. Ndiyo sababu naipenda zebra iliyojengwa juu ya tuta kuliko zebra ya rangi. Rangi inamwomba dereva, tuta haliombi. Pale Kagera, kungekuwa na tuta pana, bodaboda ingekuwa imeshapunguza mwendo kabla hata ya kujua kama kuna mtu mbele ya gari jeupe. Mzee asingehitaji kunipungia mkono, nami nisingehitaji kumwamini.

Na daladala? Wenye magari wawalipe madereva mshahara. Najua watakaopiga simu baada ya kipindi hiki, najua watakachosema: dereva wa mshahara ataiba nauli. Inawezekana. Lakini nauli iliyoibwa inaweza kufuatiliwa, kwa tiketi, kwa kadi, kwa hesabu ya abiria waliopanda. Dakika tunazoibiwa sisi kwenye zebra hazina risiti.

Nimesema sana juu ya wengine, acha nijitaje. Mimi pia huendesha, gari la shemeji yangu, siku za wikiendi. Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa Mwenge, nina haraka ya kuwahi msiba, na mbele yangu daladala ikasimama ghafla mahali pasipo na kituo. Nikaona bati tu, mgongo mpana wenye mstari wa rangi ya ruti. Nikajua anapakia. Nikapiga honi. Nikaipiga tena, ndefu, ile ya matusi.

Konda akatoa kichwa dirishani, akanitazama. Hakusema neno. Akanyoosha kidole mbele ya gari lake, na upande wa pili, taratibu, akatokea binti wa kama miaka minane, madumu mawili ya maji mkononi, anavuka.