Kinu Ndani ya Kaye: Mchoro na Majonzi ya Mongbwalu



Nitazungumza juu ya kitu ambacho mtoto wa shule hapa Mongbwalu hukibeba mkobani kila siku: kaye, yaani daftari. Ninaamini kwamba kaye na penseli vinaweza kumsaidia mtu mzima kubeba majonzi yaliyomshinda kusimulia.

Majonzi yetu yanajulikana. Novemba 2002 mji huu ulishambuliwa na wapiganaji wa kundi la UPC. Machi 2003 ukaangukia mikononi mwa kundi jingine la wapiganaji, FNI. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2005, lilikadiria kwamba raia wasiopungua 2,000 waliuawa Mongbwalu na kandokando yake kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Dhahabu iliyotulisha ndiyo iliyogombaniwa. Tarehe 8 Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa UPC, kwa makosa 18, yakiwemo yaliyotendeka hapa, na Novemba mwaka huohuo ikamhukumu kifungo cha miaka 30.

Mahakama huuliza: nani, lini, ulikuwa umesimama wapi? Ni maswali ya lazima. Lakini wengi wetu hatukuulizwa kamwe, na wapo ambao wakiulizwa leo hawatapata neno la kuanzia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ni kweli, ila katika mji ambamo aliyefiwa na aliyeua wanaweza kukutana kwenye chemchemi moja, kusema nako kuna hatari yake. Kati ya kunyamaza na kusimama mbele ya watu panahitajika pa kupumzikia. Hapo ndipo ninapoiweka kaye.

Nilijifunza hili kwa mkono wangu. Mama yangu alipofariki, kwa miezi mingi sikuweza kutaja jina lake nyumbani. Jioni moja nilichukua kaye ya mwanangu, yenye miraba, nikachora kinu cha mama. Nilianza na mdomo wake, duara lisilotimia kwa kuwa upande mmoja ulikuwa umelika. Nikateremka ubavuni, nikaona penseli inachora ufa, kisha waya ambao mama aliuzungushia kinu kisipasuke zaidi. Waya ule nilikuwa nimeusahau kabisa. Nilipofika kwenye fundo lake nikalia. Halafu nikamalizia mchi, nikafunga kaye, nikalala. Majonzi yakiwa kifuani hayana mpaka. Karatasi ina kingo nne, na kaye hufungwa.

Sisi Wakongo hatuigi mtu tukifanya hivi. Huko Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu katika picha takriban 100, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha hizo kwa Kiswahili cha kwao. Watu wa huko waliziita picha za namna hiyo ukumbusho. Zilitundikwa sebuleni, mgeni akizitazama, mazungumzo yanaanza. Kaye ni ukumbusho usiotundikwa bado. Mwenyewe ndiye atakayeamua siku ya kuufunua, na kwa nani.

Hata mbali na kwetu penseli ilifanya kazi hii. Katika geto la Terezín, huko Ulaya, wakati wa Vita Kuu ya Pili, msanii Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha kuchora watoto wa Kiyahudi waliofungiwa humo. Hakuwalazimisha kuchora mateso. Aliwapa maua, vyombo, mazoezi ya mstari. Yeye aliuawa Auschwitz Oktoba 1944, na wengi wa watoto wale waliuawa pia. Michoro yao ipatayo 4,500 ilibaki ndani ya masanduku mawili.

Kwa hiyo namwomba kila atakayechora: usianze na usiku wenyewe wa maafa. Anza na mlango, sufuria, mti wa uani. Mkono ukifika penye uchungu, punguza mwendo. Ukizidiwa, funga kaye utoke nje. Walimu, msimwamuru mtoto achore vita, wala msibandike mchoro wake ukutani bila ridhaa yake. Na anayekosa usingizi majuma kwa majuma, au anayewaza kujiua, asindikizwe kwenye kituo cha afya. Kaye haichukui nafasi ya muuguzi.

Tangu mwishoni mwa 2017 eneo letu la Djugu limerudi kulia kwa sababu ya mashambulizi, na wapo humu ukumbini waliofika Mongbwalu kwa kukimbia. Kwenu hasa nimekuja na neno hili.

Kaye ile ninayo bado. Kurasa za mbele ni hesabu za mwanangu; za nyuma ni vinu saba. Sita ni vitupu. Cha saba kina sombe ndani, na mchi umeegemezwa ukutani, kama vile mama ametoka kidogo kuteka maji.