Mashamba Yasiyo na Uzio

Leo tuzungumze juu ya mipaka ya mashamba. Najua neno hilo likitajwa, kila mtu humtupia jicho jirani yake. Basi nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Laxton, kijiji cha wakulima huko Nottinghamshire, Uingereza.

Ukifika Laxton utaona kanisa la kale la mawe. Kaskazini ya kijiji kuna kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu. Hapo palikuwa na ngome ya mabwana zaidi ya miaka 800 iliyopita. Ngome imekwisha, yamebaki majani. Lipo pia boma walimofungia mifugo iliyopotea, mpaka mwenyewe aje kuikomboa.

Lakini cha kutazama hasa ni mashamba. Yako matatu makubwa: la Magharibi, la Kusini na la Kinu. Kila moja limegawanywa vipande virefu. Vipande vya mkulima mmoja viko huku na huku, katikati ya vya wenzake, wala hakuna uzio. Shamba moja likiwa na ngano, la pili lina mazao mengine, na la tatu linapumzika. Mwaka unaofuata wanabadilisha.

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vililima hivyo. Kisha, hasa kati ya mwaka 1750 na 1850, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kugawa ardhi na kuizungushia uzio. Wenye mali wakapata mashamba makubwa. Maskini wengi wakakosa hata pa kulishia ng'ombe mmoja. Laxton ikabaki na sehemu ya mashamba yake ya zamani.

Sasa, pasipo uzio, anayemega ardhi ya mwenzake anazuiwaje? Maana akimega mkato mmoja tu wa plau kila mwaka, baada ya miaka kumi jirani ataona shamba lake limekonda.

Ramani ipo ya tangu 1635. Lakini hawaiachii ramani peke yake kazi hiyo. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wakulima 12 pamoja na kiongozi wao hukagua shamba lililopandwa ngano. Siku hizi hupanda tela la trekta. Wanapima, wanapigilia vigingi. Aliyelima njia au kuingia kwa jirani anaandikwa.

Wiki moja baadaye mahakama ya kijiji inakaa. Inakaa wapi? Kilabuni! Naam, msicheke, ni nyumba ya pombe iitwayo Dovecote. Jina linasomwa mbele ya wote, faini inatozwa. Fedha yenyewe ni kidogo, lakini nadhani aibu ni kubwa, kwa sababu waliokupima ni jirani zako, na mwakani huenda ukawa zamu yako kuwapima wao.

Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilizinyang'anya mahakama nyingi za kale mamlaka yake. Ile ya Laxton iliruhusiwa kuendelea na kazi.