Siku Moja Bondeni Kerio: Maneno Juu ya Matembezi ya Watoto

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Eldoret)



Katika taarifa ya Mweka Hazina iliyosomwa asubuhi hii mmesikia fungu dogo liitwalo Matembezi ya Watoto, na baada yake mmesikia ombi la baadhi ya ndugu zetu kwamba fungu hilo lifutwe, na fedha zake zinunue sare na madaftari. Ombi hilo halikuletwa kwa ubaya. Walioleta ni watu wenye huruma, nao wasema kwamba mtoto asiye na viatu hana haja ya kupelekwa kutazama bonde. Halmashauri imeniomba niseme upande wa pili, nami nitasema waziwazi, maana wazee hawakuja hapa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwanza niieleze safari yenyewe, kwa kuwa wengi wenu mwaijua kwa hesabu zake tu.

Basi huondoka mjini saa kumi na mbili u nusu asubuhi, wakati baridi ya Uasin Gishu bado inauma, na watoto wamejikunyata ndani ya masweta yao. Mji wetu uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Iten yazidi kupanda hata mtu afikapo Iten amefika kama mita 2,400. Hapo watoto huwaona wakimbiaji wakipita makundi kwa makundi kando ya barabara, wenyeji na wageni, kwa maana mji ule mdogo umejulikana ulimwenguni kwa riadha. Kisha, ghafula, nchi yakatika. Ukingo wa Elgeyo washuka chini ya miguu yako zaidi ya mita elfu moja, na bonde la Kerio lote limelala mbele yako, na vilima vya Tugen ng'ambo yake. Basi lashuka polepole katika kona za Tambach, masweta yavuliwa moja baada ya jingine, na kabla ya saa nne watoto wamo katika nchi nyingine kabisa, nchi ya joto, na migunga, na miembe, na mbuzi wasiohesabika. Hufika mpaka Cheploch, ambako mto Kerio umebanwa katikati ya majabali, ukipita kwenda kaskazini hata Ziwa Turkana. Hapo hushika kamba, husimama mbali na ukingo, nao hutazama maji.

Hayo ndiyo matembezi. Hakuna zaidi, ila chakula cha mchana chini ya mti na michezo ya kuvutana kamba.

Yamkini mtu atasema, ni nini hicho? Nami namjibu kwamba katika basi la mwaka jana walikuwamo watoto waliozaliwa Langas na Huruma ambao hawajapata kufika hata Iten, mwendo usiofika saa moja. Daraja la mto Sosiani walilijua kwa kwenda sokoni. Mmoja, msichana wa darasa la tano, aliniuliza kama huko chini bado ni Kenya. Alikuwa amesoma habari za Bonde la Ufa akapata alama nzuri, lakini hakudhani kwamba bonde lile la kitabuni ndilo hili lililo karibu na kwao.

Wazee wetu wengine hucheka wakisikia kwamba mchezo wa mtoto umeandikwa katika sheria. Naam, umeandikwa. Umo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, umo katika kifungu cha 12 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, na umo katika Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022. Kicheko cha wazee nakielewa. Nyumbani kwao hapakuwa na haja ya sheria. Mtoto alikwenda malishoni na kaka zake, akaoga mtoni, akarudi jioni kwa bibi kusikiliza hadithi, na kila mtu mzima aliyekutana naye njiani alijua ni mtoto wa nani, akaweza kumtuma au kumkaripia. Lakini mji huu ambao watu wa zamani waliuita Sisibo, kwa ajili ya lile shamba nambari 64, ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Mtoto anayekaa na nyanya yake katika chumba kimoja hana malisho. Nafasi yake ya kuchezea ni kati ya ukuta na mtaro wa maji machafu. Na watu wazima wanaompita kwa siku moja ni wengi kuliko wote waliompita babu yake kwa mwaka mzima, wala hapana hata mmoja anayelijua jina lake.

Hapo ndipo penye shauri langu, Bwana Mwenyekiti. Tunapozungumza juu ya fungu hili twazungumza juu ya nauli ya basi, na mchele, na nyama. Hayo yote mtu aweza kuyalipia akiwa amekaa dukani kwake. Nilivyoona mimi, kilichowafaa watoto wale ni kwamba mtu mzima mmoja alikuwa wao kutwa nzima, akawaita kwa majina.

Nitatoa mfano mmoja, nao watosha. Yuko mzee mmoja kati yetu, sitamtaja kwa kuwa hapendi, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikubali kuja kwa shingo upande, akapewa watoto sita. Katika kona za Tambach aliwaeleza kwa nini dereva hushuka mlima kwa gia ya chini, asitegemee breki peke yake, na kwa nini breki zikipata moto huacha kushika. Wavulana wawili waliokuwa wakisumbua tangu mjini walinyamaza kimya, wakamsikiliza kama waliosikia siri kubwa. Miezi miwili baadaye mmoja wao alikwenda kumtafuta mzee yule nyumbani kwake, akiwa na ripoti yake ya shule mkononi, maana nyumbani hapakuwa na mtu wa kuisoma. Mzee aliisoma, akamkaripia kwa alama za hesabu, akampa chai. Tangu siku hiyo muhula ukifungwa kijana huja. Hilo halimo katika hesabu za Mweka Hazina, wala haliwezi kuwamo.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1877 mchungaji mmoja wa Marekani, Willard Parsons, katika kijiji cha Sherman huko Pennsylvania, aliwataka watu wa kanisa lake wawakaribishe watoto maskini wa New York wakae nao mashambani. Aliwaomba wafungue milango ya nyumba zao, na kazi ile yaendelea hata leo. Tena hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapo Iten tunapopita, Bruda Colm O'Connell, mtu wa Ireland, alifika Shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jografia. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alikaa, akawaangalia vijana wakikimbia mwaka baada ya mwaka, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Lau angekuja kwa siku moja akapiga picha akaenda zake, sidhani kama tungekuwa na habari ya kusimulia.

Sasa nitasema neno ambalo si jepesi. Sipendi kufukua yaliyozikwa, lakini wote tuliomo humu twakumbuka Januari 2008. Uwanja wa maonyesho wa mji huu ulijaa mahema ya watu waliokimbia makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Baadhi yetu tulilala mle. Baadhi yetu tulibaki majumbani tukisikiliza usiku. Tume ya Jaji Waki ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa katika nchi nzima. Watoto tunaowachukua leo hawakuwa wamezaliwa, hata hivyo wamerithi mazungumzo ya watu wazima, kwamba mtaa ule ni wa akina fulani, na huku ni kwetu. Kwa hiyo makundi yetu ya watoto sita sita hupangwa kwa kuchanganya mitaa na makabila, na kiongozi wa kundi huwa si wa kabila la walio wengi ndani yake. Wazazi wawili watatu walikuja kuuliza mtoto wao atakaa na nani ndani ya basi. Tuliwaambia. Mmoja alimwondoa mwanawe, nasi tulisikitika, lakini hatukuupangua mpango. Wazee wangu, mwajua ninyi kuliko mimi kwamba mtoto aliyegawana embe na mwenzake chini ya mti hawezi tena kuambiwa jambo lolote juu ya mwenzake huyo akaliamini pasipo kuuliza.

Nije kwenye kazi ya mtu anayejitolea, maana wengine hudhani ni kupanda basi tu. Kabla ya safari ni lazima afike nyumbani kwa kila mtoto wa kundi lake, aonane na mlezi, apate sahihi yake, aulize kama mtoto ana pumu au kifafa au dawa anazokunywa. Siku yenyewe huwahesabu watoto wanapopanda, wanaposhuka, kabla ya kula, baada ya kula, na kabla ya gari kung'oa, nao wakiona ni jambo la kuchosha na wachoke. Maji ya kunywa twabeba yetu, tena mengi, kwa sababu mtoto aliyezoea baridi ya huku hajui kwamba joto la Kerio linamkausha. Hapana mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, awe nani, awe na cheo gani. Sheria hiyo haina maana ya kwamba twamshuku yeyote. Ni kinga ya mtoto na ni kinga ya mzee pia. Picha hazipigwi ovyo zikatumwa huku na huku. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata kama isingetaka, mtoto maskini si pambo la simu ya mtu.

Na mtu asiahidi. Hili nalikazia. Mtu mwema akiona mtoto amefurahi, ulimi humponyoka: nitakuletea mpira, nitakuja kukuona Krismasi. Yeye atasahau kabla ya kufika Iten. Mtoto hatasahau, atahesabu siku. Afadhali kiongozi aseme kidogo kisha atimize.

Iko sababu nyingine ya kuwatafuta watoto walio majumbani. Mji wetu una historia njema ya kulea yatima. Kipchoge Keino, aliyeshinda nishani za dhahabu mwaka 1968 kule Mexico na mwaka 1972 kule Munich, yeye na mkewe Phyllis waliwafungulia nyumba yao watoto wengi hapa hapa Eldoret, na mwaka 2016 alipewa heshima na Kamati ya Olimpiki kwa kazi kama hiyo. Lakini mpango wa Serikali wa mwaka 2022 hadi 2032 ni kwamba watoto warudishwe walelewe katika jamaa, si katika makao. Basi walio wengi watakuwa kwa nyanya, na shangazi, na kaka mkubwa anayesukuma mkokoteni. Hawana bango mlangoni la kuwaonyesha wafadhili. Wasipotafutwa na chama kama hiki, kilicho na wanachama katika kila mtaa, sioni nani mwingine atakayewatafuta.

Kuhusu sare, ndugu zangu, sikatai. Napendekeza hivi. Fulana zenye jina la Chama zilizochapishwa mwaka jana zisichapishwe tena, watoto hawakuziomba. Kitambaa kirefu tulichokining'iniza ubavuni mwa basi nacho kiachwe, na soda pia, maana maji yatosha. Fedha zitakazookolewa ziende kwenye sare. Basi liwe moja badala ya mawili, na safari iwe Desemba. Tusiende tena kati ya Aprili na Agosti, kwa kuwa miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa kwetu na ukingo si wa kuaminiwa udongo ukilowa. Mwakumbuka maporomoko ya Chesegon ya Aprili 2020. Gari liwe limerudi mjini kabla ya jua kutua, hata kama watoto watalia.

Nasi twahitaji viongozi wa makundi wanane. Mpaka asubuhi hii tunao watatu, na wote watatu ni vijana. Vijana wana mbio za kuwafuata watoto, lakini hawajui jina la mti hata mmoja wa kule bondeni, wala hawajui zamani watu walipandaje ule ukingo kabla ya barabara. Wapo humu ndani wanaojua. Namwona mmoja mstari wa pili anayejifanya kusoma ajenda.

Bwana Mwenyekiti atawapigisha kura juu ya fungu hilo baada ya chai. Daftari la majina liko mezani kwa Karani, karibu na mlango. Atakayejiandika aweke na nambari ya simu, na mtaa anaokaa, na aseme kama kona za Tambach humtia kichefuchefu, kwa maana viti vya mbele ni vichache.