Vitabu vya Kiswahili katika Nyumba za Ughaibuni

Mzazi wa Kiswahili aishiye nchi za mbali hununua vitabu kwa makusudi mawili. Vipo vya masomo ya watoto, na vipo vya kusomwa nyumbani na jamaa wote. Fedha nyingi huenda kwenye fungu la kwanza, na hilo ndilo fungu ambalo hushika vumbi mapema.

Mama mmoja wa Kizanzibari anayeishi London ana binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 8. Wote wawili husikia Kiswahili, lakini hujibu kwa Kiingereza. Bibi yao aliyeko Unguja akipiga simu, mazungumzo hukwama mara baada ya shikamoo na marahaba. Likizo ilipokwisha, mama huyo alirudi na vitabu alivyonunua Dar es Salaam, katika duka la TPH mtaa wa Samora: kamusi, vitabu vya kiada vya shule ya msingi, na hadithi mbili tatu.

Vitabu vya kiada vilikwama kwanza. Si kwamba ni vibaya. Vimetungwa kwa ajili ya mtoto wa Tanzania, ambaye kwa kawaida huingia darasani akiwa tayari anasema Kiswahili, na mwalimu humwongezea kusoma na kuandika. Mtoto wa London yuko kinyume chake: kusoma anajua, maneno hana. Tena tahajia ya Kiswahili, kwa wepesi wake, humhadaa mzazi. Herufi hutamkwa kama zilivyoandikwa na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo baada ya wiki chache mvulana husoma ukurasa mzima kwa sauti safi, akijikwaa labda kwenye ng'ombe na ghala. Mama hufurahi. Akimwuliza amesoma nini, mtoto humkodolea macho.

Kamusi nayo ina mlango wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, haimngoji msomaji kwenye herufi ya kwanza ya neno aliloliona. Mtoto akikuta "hawakupika" atatafuta kwenye H asione kitu. Neno limekaa kwenye P, katika pika. Meno yamo katika jino, nyuso zimo katika uso. Aliyezaliwa Unguja hufumua maneno hayo bila kujua kwamba anayafumua. Kumkabidhi mtoto kamusi na kuondoka ni sawa na kumpa kufuli bila ufunguo.

Hadithi ndizo zilizofanya kazi. Kwa mvulana, mama alichagua Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, ambacho asili ya kisa chake imo katika Alfu Lela Ulela. Mfalme wake, Rai, anatawala nchi iitwayo Ughaibuni, jina ambalo siku hizi hutajwa kila anapozungumzwa Mswahili aliye ng'ambo. Lugha yake ni nzito kwa mtoto wa miaka minane. Lakini msomaji ni mama, naye mtoto anataka kujua kwa nini manyani wawili wanachapwa usiku. Swali hilo huulizwa kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuchechemea, kwa sababu hadithi yenyewe inasomwa kwa Kiswahili.

Kwa binti ilihitajika njia nyingine. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya yake Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Binti husoma ya Kiingereza, mama ya Kiswahili, kisha hukutana mezani. Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, anachukuliwa na tajiri kwa deni la babake, naye humwita tajiri huyo kwa neno la Kiingereza ambalo halisemi kama mtu ni wa upande wa mama au wa baba. Kiswahili kina mjomba na kina ami. Binti alikuwa hajawahi kujiuliza ndugu zake mwenyewe wa Unguja ni yupi na yupi, na jioni hiyo ilipita katika kuwataja.

Kwa asiyesafiri, African Books Collective ya Oxford, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Kiafrika mwaka 1985, husambaza vitabu vya wachapishaji wa bara hilo. Familia kutoka Bukavu au Lubumbashi, zilizo nyingi sasa Marekani, zina tatizo la ziada: vitabu vingi vya Kiswahili huchapwa Tanzania na Kenya, kwa Kiswahili ambacho sicho kile cha jikoni kwao. Huko mzazi asomapo hulazimika kutafsiri kidogo hata ndani ya Kiswahili chenyewe, na watoto huwa wepesi kumkosoa.