Chingamu na Akili ya Mtoto: Tuulize Nani Amelipa

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia



Leo tumeombwa tuseme juu ya chingamu. Msicheke. Wazazi wanatuuliza kama ni kweli kwamba mtoto akitafuna chingamu anaposoma, akili hutulia na mtihani anaupita vizuri. Wanasema wamesikia kwamba wataalamu wamethibitisha. Shilingi tano au kumi si pesa nyingi, lakini ikitoka kila siku kwa watoto wanne, muhula ukiisha imekula pesa ya vitabu. Tena mwenye kuuza akishajua kwamba neno "utafiti" linatufungua mfuko, kesho atakuja nalo akiuza kitu cha bei kubwa zaidi. Kwa hivyo hebu tulichunguze jambo hili.

Utafiti wenyewe upo. Mwaka wa 2006 kampuni ya Wrigley ya Marekani, ile ambayo PK na Big G zake tunazijua, ilianzisha taasisi yake ya sayansi ili ichunguze faida za kutafuna chingamu. Taasisi hiyo ikalipia utafiti uliofanywa na Chuo cha Udaktari cha Baylor, katika mji wa Houston. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2009.

Walichukua wanafunzi 108 wa miaka 13 hadi 16, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilitafuna chingamu isiyo na sukari katika somo la hesabu, wakati wa kazi ya nyumbani na wakati wa mtihani. Kundi la pili halikutafuna. Baada ya wiki 14, waliotafuna walionyesha nyongeza ya asilimia 3 katika mtihani wa hesabu wa jimbo la Texas.

Hiyo asilimia 3 ndiyo iliyotembea duniani. Lakini watoto hao walifanya mtihani mwingine wa hesabu pia, na katika huo haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi. Watafiti hawakuficha, waliliandika jambo hilo. Ila habari ikifika dukani, mtihani wa pili umeshaanguka njiani.

Kuna jambo lingine. Dawa ikijaribiwa, wagonjwa wengine hupewa kidonge kisicho na dawa, na hakuna anayejua amepata kipi. Kwa chingamu haiwezekani, kwani anayetafuna anajua anatafuna. Na mtoto akijua amepewa kitu cha kumsaidia, anaweza kujitahidi zaidi kwa sababu hiyo tu.

Wengine nao walipima. Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha St. Lawrence, jimbo la New York, waliona kwamba kutafuna dakika tano kabla ya majaribio kulisaidia kidogo, kwa dakika 15 hadi 20 za kwanza. Waliotafuna huku wakifanya majaribio hawakupata faida. Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, huko Wales, waliona kwamba kutafuna kulivuruga kukumbuka orodha za herufi. Sasa hapo mzazi anunue au asinunue?

Tuseme haki: chingamu isiyo na sukari, baada ya chakula, huleta mate mengi na husaidia kulinda meno. Yenye sukari huyaharibu.

Basi kuna atakayeuliza: kwani utafiti ukilipiwa na wafanyabiashara ni uongo? Hapana. Tuangalie mfano wa hapa kwetu, Embu. Kuanzia mwaka wa 1998, watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 walifuatwa kwa muda wa karibu miaka miwili. Shule nyingine zilipewa githeri yenye mafuta, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri yenye nyama, na nyingine hazikupewa kitu. Katika jaribio la kufikiri, ambapo mtoto anatafuta kipande kinachokosekana katika picha, waliokula githeri yenye nyama waliwapita wengine wote, hata wale wa maziwa.

Utafiti huo ulilipiwa na msaada wa serikali ya Marekani, lakini sehemu ya pesa ilitoka kwa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa nyama wa huko. Bila shaka jibu hilo liliwapendeza! Hata hivyo hatuutupi. Kulikuwa na shule za kulinganisha, na watoto walifuatwa kwa muda mrefu. Tunachofanya ni kulijua jina la mlipaji, kisha tunaipima kazi yenyewe. Maana mlipaji hata asipodanganya, huchagua swali la kuulizwa, na huchagua jibu la kutangaza kwa sauti kubwa.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hivyo mtu akija na "imethibitishwa", awe anauza chingamu, mbolea au dawa ya mifugo, tumuulize maswali haya:

1. Nani alilipia utafiti, na atapata nini tukinunua?
2. Walilinganishwa na akina nani?
3. Faida ilikuwa kubwa kiasi gani, na ilidumu muda gani?
4. Kuna wengine waliorudia wakapata vivyo hivyo?
5. Pesa hiyo hiyo ingetufanyia nini kingine?

Swali la tano ni letu wenyewe. Mtoto akipenda chingamu isiyo na sukari, atafune. Lakini asinunuliwe kama dawa ya mtihani, na huku anaingia darasani bila kitu tumboni. Pesa hizo za kila siku tukiziweka pamoja, si ni uji wa saa nne shuleni?

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete tangazo moja lililosikika redioni au kuonekana sokoni, linalosema "wataalamu wamethibitisha". Tutaliwekea maswali hayo matano, na katibu aandike majibu.